Fundi, nirudishie kilichokufa

Kwa Mhariri,

Mtaani kwetu Umoja naitwa Mama Programu. Anayelisikia jina hilo mara ya kwanza hudhani mimi ni mtaalamu wa kompyuta, hadi anione nikihangaika na simu yangu. Programu zangu ni zile za mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu ndani, ratiba ya ibada, nyimbo mbili tatu, na ukurasa wa nyuma wa shukrani. Nachapa pia kadi za harusi, barua za chama na mitihani ya shule moja ya chekechea, lakini karo ya wanangu imelipwa na marehemu, Mungu awarehemu. Kazi hiyo naifanyia sebuleni, kwenye meza iliyo kati ya friji na dirisha, kwa kompyuta moja ya mezani niliyoinunua Januari 2019 ikiwa tayari imetumika na wengine.

Naomba nafasi niandike juu ya kompyuta hiyo, na juu ya kifaa kimoja kilichomo ndani yake ambacho wengi wetu hatujawahi kukitia machoni. Mafundi hukiita pawa saplai. Ni lile sanduku la bati lililoko nyuma, pale unapochomeka waya wa stima, lenye feni inayopuliza hewa ya moto. Linapokea umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu ni volti 240, na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazovumilika na vifaa vya ndani. Sanduku hilo likiugua, kompyuta nzima huonekana inaumwa, na mwenye kompyuta hana namna ya kujua maumivu yanaanzia wapi. Ndipo anapompelekea fundi, na ndipo mambo yangu yalipoharibika.

Yangu iliumwa polepole. Ijumaa ya Agosti 25, 2023, usiku ule nchi karibu nzima ilipopotewa na stima, nilikuwa katikati ya kuchapa. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho chanzo, maana stima ya mtaani kwetu hupotea na kurudi kwa kishindo mara nyingi tu bila kutangazwa redioni. Ila baada ya hapo nilianza kuona vituko. Asubuhi nabonyeza swichi, feni inazunguka nusu mzunguko, inanyamaza. Nabonyeza tena. Mara ya tatu au ya nne inakubali, na ikishaamka inapiga kazi hadi jioni kana kwamba haikuwa na neno. Mwaka uliofuata, ilipofika Juni na baridi yetu ile ya mawingu, mara nne zikawa kumi. Nikawa naiamsha saa kumi na mbili kabla ya kuteleka chai, kama madereva wa zamani walivyokuwa wakizipasha moto Peugeot zao alfajiri.

Kijana nitakayemtaja baadaye alinieleza sababu. Ndani ya pawa saplai mna kapasita, vikopo vidogo vilivyo na majimaji ya kemikali ambayo hukauka kwa joto la miaka mingi. Kapasita iliyozeeka hutatizika zaidi ikiwa baridi. Ikipata joto hujikakamua kidogo. Kwa hivyo kompyuta inayogoma asubuhi na kukubali saa nne usiiwekee mikono kuiombea. Mara nyingi kapasita zake zimechoka. Laiti ningalijua hilo mwezi Juni, ningalikuokolea ukurasa huu, Mhariri.

Halafu kulikuwa na printa. Printa ya leza ina roli la moto linaloyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na kila linapojipasha huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Yangu ilikuwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Nikituma kurasa, balbu ya sebuleni inafifia kidogo, na kompyuta inazimika. Friji yangu ina mlinzi wake, kale kasanduku kanakosubiri dakika kadhaa stima ikirudi kabla ya kuifungulia. Kompyuta, ambayo ndiyo iliyoinunua hiyo friji, ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni ya shilingi mia tatu.

Ilikata roho Alhamisi moja usiku, Julai 2024. Familia moja ilikuwa inamsafirisha mzee wao kwenda Kakamega, basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na walitaka programu 200. Nilikuwa nimefika kwenye majina ya wajukuu, na wajukuu walikuwa wengi, skrini ikawa nyeusi. Kukaja harufu. Kwanza nilidhani jirani anakaanga omena. Nikainusa meza, nikainusa printa, nikafika nyuma ya kompyuta na kukuta omena wanatoka humo. Naambiwa hivyo ndivyo majimaji ya kapasita yanavyonuka yakivuja na kuungua.

Wasifu ulikuwa kwenye flashi. Nilikimbia nao hadi kwa mwenye saiba aliyekuwa anafunga, nikamwangukia, akafungua tena, na faida yangu yote ikabaki kwake. Saa tisa usiku nilikuwa bado nakunja karatasi sebuleni na binti yangu. Mzee alizikwa na programu zake. Mjukuu mmoja tu ndiye aliyesahaulika, na mama yake amenikumbusha hilo kila tukikutana sokoni.

Jumamosi niliifunga kompyuta kwa leso nikapanda nayo matatu kwenda mjini. Konda alinitoza viti viwili na sikumlaumu, maana ilikaa kwa adabu kuliko abiria wengi wa laini yetu. Fundi niliyeelekezwa ana kibanda katika orofa ya tatu ya jengo moja katikati ya jiji. Kibanda chenyewe upana wake ni mlango na robo. Kijana mpole, mikono safi.

"Weka hapo, mathe. Rudi saa kumi."

"Siwezi kukaa nione ukiifungua?"

"Hakuna pa kukaa, mathe. Na hata ukiona hutaelewa."

Neno hilo lilinichoma, lakini nililimeza. Nikaenda kukaa Jeevanjee, nikawasikiliza wahubiri wa bustanini watatu mfululizo, wawili kati yao wakizungumzia uongo. Saa kumi nilirudi nikaikuta kompyuta inawaka. Fundi akanieleza kwa huruma kwamba hali ilikuwa mbaya: pawa saplai ililipuka na kwenda na madabodi, yaani ile sahani kubwa ambayo vifaa vingine vyote hukaa juu yake. Ameweka mpya zote mbili. Pawa saplai 2,500, madabodi 4,000, kazi yake 1,000. Jumla 7,500.

Nikauliza, "Na zile za zamani ziko wapi?"

"Hizo tulitupa, mathe. Ni takataka."

Nilizihesabu pesa nikampa. Risiti ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Matengenezo ya kompyuta, 7,500, shukrani." Sikutaka kugombana na mtu aliyenifufulia riziki.

Miezi miwili haikuisha. Septemba, katikati ya kadi za harusi, nilisikia mlio mdogo kama wa kidole kinachoalikwa, na giza. Sikuwa na nauli ya viti viwili wala moyo wa kwenda orofa ya tatu. Nikamwita kijana anayeishi juu yangu, anayesomea mambo ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi. Alishuka na mkoba mdogo wa bisibisi, testa yake ya kupimia volti, na kibanio cha karatasi alichokiokota mezani pangu.

Nataka niieleze saa ile taratibu, maana hapo nilijifunza kuliko nilivyojifunza katika miaka yote ya kuilipia kompyuta hiyo.

Kwanza aliuchomoa waya ukutani, kisha akabonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki ndani umalizike. Akaniambia, bila kutabasamu, kwamba lile sanduku la bati lenyewe nisilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa, kwa sababu mna kapasita kubwa inayoweza kukaa na zaidi ya volti 300 kwa muda baada ya waya kutolewa. Tutalipima kwa nje, alisema, na likiwa bovu tutalitoa zima zima. Kisha akafungua ubavu wa kompyuta.

Vumbi. Vumbi jekundu la Nairobi, limeganda kwenye kila pembe kama unga kwenye ungo. Akawasha tochi ya simu, akainama, akanyamaza, halafu akauliza, "Mathe, ulisema madabodi ilibadilishwa lini?"

"Julai."

"Na hii stika ni ya nani?"

Niliinama naye. Pembeni mwa ile sahani, chini kidogo ya feni, palikuwa na kikaratasi cheupe cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wauzaji wa kompyuta huvibandika hivyo ili ukirudi na malalamiko wajue mzigo ni wao. Hiki kilikuwa na tarehe kwa kalamu ya buluu: Januari 2019, siku niliyoinunua. Na juu yake palikuwa na lile vumbi, la miaka mitano na ushei. Miezi miwili haizai vumbi la namna ile, hata Umoja.

Yaani madabodi haikuwa imeguswa. Nililipa 4,000 kwa kubadilishiwa kitu nilichokuwa nacho.

Kijana hakusema lolote. Aliendelea na kazi, nami nikaendelea kumshikia tochi, ingawa mkono ulikuwa unatetemeka. Akachomoa kichwa kikubwa cha waya, kile chenye pini 24, kinachotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye madabodi. Akakinyoosha kile kibanio na kukikunja mfano wa herufi U. "Tafuta waya wa kijani," akaniambia. Upo mmoja tu katika kundi zima. Huo ndio unaoiambia pawa saplai iamke. Ukiuunganisha na waya wowote mweusi wa jirani, sanduku linadhani umebonyeza swichi. Akaingiza mguu mmoja wa kibanio kwenye kijani, wa pili kwenye cheusi, ndipo akawasha ukutani. Feni ikazunguka.

Nikafurahi. Yeye hakufurahi. "Feni kuzunguka si ushahidi," alisema, na akachukua testa. Waya wa njano unatakiwa utoe volti 12, na unasamehewa ukiwa kati ya 11.4 na 12.6. Wetu ulisoma 10.7. Upo waya wa zambarau ambao unatakiwa uwe na volti 5 wakati wote, hata kompyuta ikiwa imelala, mradi ukutani kumewashwa. Wetu ulisoma 4.2, ukashuka, ukapanda, kama mapigo ya moyo ya mgonjwa wa chumba cha wagonjwa mahututi. Haya yote hata bila kubeba mzigo wowote.

Akaitoa. Pawa saplai hufungwa kwa skrubu nne nyuma ya kompyuta. Zetu zilikuwa mbili. Akanipa nishike, nami nikakaribia kuirusha juu kwa wepesi wake. Nilitarajia uzito wa sufuria, nikapewa kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ubavuni iliandikwa 500, yaani wati inazodai kuweza kutoa, kwa tarakimu kubwa za dhahabu. Chini yake palikuwa na jedwali la maandishi madogo ya kusomwa na sisimizi.

"Soma hapo kwenye volti 12," akaniambia. "Imeandikwa ampea ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zidisha."

Kumi na mbili mara kumi na nne ni wati 168. Karibu kazi yote ya kompyuta ya siku hizi huendeshwa na ule mstari wa volti 12, kwa hivyo sanduku lililojiita 500 usoni lilikuwa linakiri 168 miguuni, na hata hizo ni kwa maneno yake lenyewe. Mashine kama yangu, isiyo na kadi ya michezo ya video, haifiki wati 150 hata ikikazana. Lakini ukiiendesha pawa saplai dhaifu karibu na kikomo chake kila siku, kwenye ekstensheni moja na printa inayonyang'anya umeme, umeshaipa tarehe ya mazishi.

Kabla sijasahau, kuna jambo lingine alilonionyesha ambalo linaweza kumwokoa msomaji fulani leo hii. Baadhi ya pawa saplai zina kijiswichi chekundu nyuma, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Hapa Kenya lazima kisome 230. Nchi kama Marekani umeme wa nyumbani ni karibu nusu ya wetu, kwa hivyo kompyuta iliyoletwa na ndugu kutoka huko inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwa furaha ya zawadi, utasikia ba! na kuona moshi kabla hujasema asante. Kitazame kabla ya kuchomeka kitu chochote.

Jumamosi iliyofuata tulienda pamoja Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini. Kijana alikuwa amepiga picha ya ile ya zamani kila upande pamoja na vichwa vyote vya waya, kwa sababu kompyuta nyingi zilizotoka maofisini, hasa zile nyembamba, huwa na pawa saplai za umbo lao wenyewe na vichwa vyao wenyewe, na ya kawaida haiingii hata ukiisukuma. Yangu kwa bahati ni ya umbo la kawaida. Muuzaji alituwekea mbili juu ya kaunta, moja ya 1,800 na nyingine ya 5,200. Nikamuuliza kuna tofauti gani. Alinipa jibu ambalo nimelisimulia kila mahali: "Mama, hii ni ya kuwaka. Hii ni ya kukaa."

Ile ya kukaa iliandikwa 450, pungufu ya ile ya fundi wangu. Nikavaa miwani nikatafuta jedwali dogo mwenyewe: ampea 36 kwenye volti 12. Nikazidisha hapo hapo kwenye simu. 432. Muuzaji alinitazama kwa heshima mpya. Ilikuwa na ile alama ya 80 Plus, maana yake ni kwamba kama ni ya kweli, angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hufika kwenye kompyuta na kinachobaki ndicho hugeuka joto. Alama inaweza kubandikwa na yeyote mwenye gundi, lakini uzito ni mgumu kughushi. Hii ilihitaji mikono miwili.

Kuifunga kulichukua kama nusu saa. Skrubu nne. Kichwa cha pini 24. Waya wa diski. Na kichwa kingine kidogo cha pini nne kinachoingia karibu na prosesa, ubongo wa kompyuta, ambacho kijana aliniambia nikitie akilini kwa sababu husahaulika sana. Ukikisahau, feni zitazunguka, taa zitawaka, skrini itabaki nyeusi, na mtu asiye mwaminifu atakuambia madabodi imekufa. Nikamwambia nimewahi kukutana naye. Ile printa nayo ilihamishiwa soketi yake peke yake ukutani, na kompyuta sasa ina mlinzi kama friji. Tangu siku hiyo inaamka kwa kubonyezwa mara moja, hata asubuhi ya ukungu.

Nilirudi kwa fundi wa orofa ya tatu. Nilimwonyesha picha ya stika kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akasema labda waliihamisha stika kutoka kwenye madabodi ya zamani kwenda kwenye mpya, "ili usichanganyikiwe, mathe." Nikamuuliza kama waliihamisha pamoja na vumbi. Akacheka, akaniagizia soda. Sikuinywa. Simtaji jina hapa na jengo silitaji, kwanza kwa sababu sina karatasi ya kuthibitisha zaidi ya ile ya daftari, na pili kwa sababu nimeuliza majirani na wateja wangu, na kila wa pili ana hadithi yake ya simu, televisheni au blenda. Ninalolidai linawahusu wote.

Ninadai hivi: fundi akibadilisha kifaa, amrudishie mwenyewe kile kilichotolewa. Akiweza, afungue mashine mbele ya mwenyewe. Na kama kibanda ni chembamba, ana simu, apige video ya dakika moja. Na kwenye risiti aandike jina la kifaa alichokiweka, si "matengenezo".

Katika kazi yangu nimeketi na familia nyingi kuliko makasisi wengine. Cheti cha hospitali kinaweza kuwa kimeandikwa vizuri, daktari anaweza kuwa mtu wa kuaminika, lakini sijaona familia iliyokubali jeneza lifungwe bila mtu wao mmoja kuutazama mwili. Hawamtukani daktari kwa kufanya hivyo. Ndivyo mambo yanavyofanywa. Kwa nini kompyuta, inayolisha nyumba, izikiwe vifaa vyake gizani na mtu wa pembeni aniambie "tulitupa"?

Na jambo lenyewe si geni. Marehemu mume wangu alipokuwa na pikapu, fundi wake wa Kirinyaga Road alikuwa akibadilisha plagi anazirudisha zile kuukuu ndani ya boksi la zile mpya na kuziweka juu ya dashibodi. Hakuna aliyemwagiza. Mume wangu alikuwa hazitazami hata, anazitupa akifika nyumbani. Lakini aliendelea kwenda kwa fundi yule kwa miaka kumi na mmoja.

Najua mafundi watasema nini, maana nimeshaambiwa. Watasema vifaa vibovu ndivyo ghala lao la spea: feni ya pawa saplai hii humponya mwenzake, waya zake zina shaba, koili zina bei. Nakubali. Hiyo ni kazi halali, na ni bora kuliko kuvirundika kwenye jaa la Dandora. Basi semeni hivyo. Niambie, "Mathe, hii yako mbovu nitaichukua kwa mia mbili," nami nitakupa na kukushukuru. Ila huwezi kuniambia ni takataka, kisha uipige mnada jioni, wala huwezi kuutumia ubovu wake kama pazia la kufichia kitu ambacho hukukibadilisha.

Wengine watasema itungwe sheria. Sheria hazijakosekana. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Na tangu mwaka 2012 tuna sheria nzima ya kumlinda mtumiaji. Mimi sina muda wa kwenda mahakamani kwa shilingi 4,000, na mafundi wanalijua hilo vizuri. Nataka tu mteja ajifunze kuuliza swali moja kabla ya kuiacha mashine yake kaunta: "Nikirudi saa kumi, nitapewa kile cha zamani?" Ukiona fundi amekasirika kwa swali hilo, funga kompyuta yako kwa leso uondoke.

Na lile la "hata ukiona hutaelewa" bado sijalisamehe. Nina miaka hamsini na sita. Naweza kuyapanga majina ya wajukuu arobaini kwa nyumba za mama zao bila kumkosanisha mtu na shangazi yake, isipokuwa yule mmoja wa Kakamega. Nilichoelezwa na kijana wa juu kwa nusu saa nilikielewa chote, na wewe Mhariri umekisoma hapa.

Neno la mwisho ni la fundi wangu wa orofa ya tatu, kama gazeti hili hufika huko juu. Kaka, hizo 4,000 sitakuja kuzidai tena. Lakini ile pawa saplai yangu ya kwanza, ile nzito iliyonuka omena, nasikia huenda ilikuwa ya kubadilishwa kapasita tu ikapona. Kama bado iko chini ya meza yako, niwekee. Nitapita Jumanne mchana. Na uniwekee pamoja na zile skrubu mbili.

Mama Programu,
Umoja, Nairobi